Je, Wajua? Mwigizaji Aliyeligeuza Jina Lake Kuwa Jarida

Watu wengi mashuhuri hupewa mitaa, shule na viwanja vya ndege kwa heshima ya majina yao, lakini aghalabu husubiri mpaka wafe. Rose al-Yusuf wa Misri hakusubiri. Mwaka 1925, umri wake haujafika miaka 30, aliliacha jukwaa la maigizo, akaanzisha jarida la kila wiki na kulipa jina lake mwenyewe. Jarida hilo likaja kuwasumbua mawaziri wakuu, balozi wa Uingereza na mfalme. Kila nilipofungua habari za mama huyu nilikuta jambo la kumsimulia jirani. Haya ndiyo yaliyonifurahisha kupita mengine.

Hakuzaliwa Rose

Jina lake la kuzaliwa ni Fatima. Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 mjini Tripoli, bandari iliyoko Lebanon ya leo, enzi hizo ikiwa chini ya Dola ya Uthmaniya. Mama yake alifariki kwa uzazi, na mtoto akalelewa na familia ya Kikristo iliyomwita Rose. Alikuwa ameshapata akili alipokuja kuambiwa kwamba wazazi wake walikuwa Waislamu na kwamba yeye ni Fatima. Hakulitupa jina lolote kati ya hayo mawili. Jukwaani na kwenye jalada la jarida alikuwa Rose, lakini makala nzito na barua za wazi alizitia saini kwa jina la Fatima al-Yusuf.

Safari ya Brazil iliishia Alexandria

Misri haikuwa kwenye mpango. Miaka hiyo maelfu ya watu wa Shamu walikuwa wakihamia Amerika ya Kusini kutafuta maisha, na Rose, bado mtoto, alipandishwa meli pamoja na familia iliyokuwa ikielekea Brazil. Meli ilipotia nanga Alexandria, Iskandar Farah, mwenye kundi la maigizo, alimwona na kuomba amchukue amlee. Wenzake wakaendelea na safari, yeye akashuka. Laiti meli ile ingepitiliza, historia ya magazeti ya Kiarabu ingekosa moja ya sura zake zenye uhai mkubwa.

Kigoli aliyeanza kwa kuigiza bibi kizee

Nafasi iliyomfungulia mlango wa sanaa ilikuwa ya ajuza. Kundi lilihitaji mtu wa kuigiza bibi, na waigizaji wa kike waliokuwapo hawakutaka kuonekana wazee mbele ya watu. Rose, msichana mdogo asiye na sifa yoyote ya kulinda, akajitolea. Akapinda mgongo, akatetemesha sauti, na watazamaji wakamwamini. Napenda sana kisa hiki kwa sababu tabia hiyohiyo, ya kuingia pale wengine wanapoona haya, ndiyo iliyomfanya baadaye aingie kwenye uchapishaji.

Shule yake ilikuwa ukumbi wa maigizo

Mwanamke aliyewaajiri baadhi ya waandishi bora wa Misri hakuwa na cheti cha shule. Aliyemfunza ni Aziz Eid, mwongozaji mahiri wa maigizo, ambaye alimsimamia ajifunze kusoma, kutamka Kiarabu fasaha na kuielewa tamthilia kabla ya kuikariri. Waliofanya naye kazi baadaye walimjua kama mtu asiyejitia usomi lakini mwenye sikio kali: sentensi ikipinda, aliisikia. Nami naona sikio hilo lilitoka jukwaani, ambako neno lisilofika mstari wa nyuma huwa limepotea.

Aliitwa Sarah Bernhardt wa Mashariki

Mwaka 1923 Yusuf Wahbi alifungua ukumbi wake maarufu wa Ramses mjini Cairo, na Rose akawa nyota wake wa kike. Aliyetia fora kupita wote ni Marguerite Gautier, yule mwanamke mwenye kifua kikuu katika tamthilia ya Alexandre Dumas mwana, ambaye Rose alimwigiza mpaka ukumbi ukalia. Wakosoaji wakamfananisha na Sarah Bernhardt, malkia wa jukwaa la Ufaransa. Kisha, akiwa juu kabisa, akatofautiana na Wahbi na kuondoka. Alikuwa na sifa, jina na watazamaji. Kazi hakuwa nayo tena.

Jarida lilizaliwa kwenye duka la halua

Hii ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote. Agosti 1925, Rose alikuwa ameketi na marafiki zake kwenye duka la halua la Kassab, mjini Cairo. Mazungumzo yakaangukia magazeti: yanavyowapuuza wasanii, au yanavyowaandika kwa udaku na matusi bila kuipima kazi yao. Mtoto muuza magazeti akapita na jarida mkononi. Rose akauliza ghafla: kwa nini tusitoe jarida letu la sanaa?

Wenzake walidhani anatania. Alipoendelea, wakaanza kutafuta jina. Huyu akataja moja, yule akataja lingine, na yeye akayakataa yote. Mwishowe akasema litaitwa Rose al-Yusuf. Wakashangaa, na mshangao wao ulikuwa na sababu: ni mwanamke gani, tena mwigizaji, katika nchi ambayo mabinti wa heshima hawakutarajiwa kusimama jukwaani, angeliweka jina lake wazi lipigiwe kelele na watoto wa mitaani kila wiki? Lakini yeye alijua jambo ambalo wafanyabiashara hulipia fedha nyingi kulipata: jina lake lilikuwa tayari linajulikana na kila mwenda maigizo wa Cairo. Toleo la kwanza likatoka tarehe 26 Oktoba 1925. Kutoka wazo mpaka karatasi ilichukua takribani miezi miwili.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya pauni chache mno

Kwa mujibu wa kumbukumbu zake mwenyewe, walipopiga hesabu waliona kwamba kuchapa nakala 3,000 kungegharimu pauni 12 za Misri, na zikiuzwa zote faida ingekuwa pauni 5. Nakala 3,000 ni kama waumini wa Sala ya Ijumaa kwenye msikiti mmoja mkubwa wa mjini; hapo ndipo lilipoanzia jarida ambalo lilikuja kusomwa kutoka Moroko hadi Iraki. Fedha za kuanzia hazikutosha, basi marafiki wakatawanyika mjini kuuza usajili wa jarida ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kuliona.

Mwenye nyumba alikuwa mshairi mkuu wa Waarabu

Ofisi ya kwanza ilikuwa nyumbani kwake. Wahariri walikaa sebuleni, makala zilipita karibu na jikoni, na jengo lenyewe lilikuwa mali ya Ahmad Shawqi, yule ambaye mwaka 1927 washairi wa nchi za Kiarabu walimvika cheo cha Amiri wa Washairi. Baadaye shirika lilihamia mtaa wa Qasr al-Aini, karibu na Bunge, na kwa jarida lililoishi kwa kuwachungulia wabunge, jirani huyo alikuwa wa manufaa.

Mwandishi aliyelikataa jina lake alikuja kuwa mwandishi wake

Abbas Mahmud al-Aqqad, mmoja wa vigogo wa fasihi ya Misri, hakupendezwa hata kidogo na wazo la kuandika kwenye jarida lenye jina la mwigizaji. Miaka kumi baadaye, mwaka 1935, makala zake za siasa zilikuwa zikitoka chini ya jina hilohilo, herufi kubwa juu ya ukurasa. Ibrahim al-Mazini, rafiki yake al-Aqqad, hakuhitaji kubembelezwa kiasi hicho, aliandika mapema.

Mhariri wake mkuu hakuandika jina lake

Aliyelipa jarida ulimi wake ni Muhammad al-Tabi'i, kijana aliyekuwa akifanya kazi bungeni mchana na kuandika uhakiki wa maigizo kwa jina la kubuni. Kwa kuwa mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kuandika siasa, kwa muda mrefu aliliongoza jarida bila jina lake kuonekana. Fikiria utamu wake: mtu anayekaa ndani ya Bunge, anasikia kila neno, kisha jioni anakwenda kuliandikia jarida la dhihaka! Akaanza kuwaandika mawaziri kama alivyokuwa akiwaandika waigizaji, nani ameingia vibaya, nani amesahau maneno yake, nani anavaa kilemba kisicho chake. Ndani ya miaka michache jarida lililoanzishwa kwa ajili ya sanaa likawa la siasa, na wasomaji wakaongezeka kila wiki.

Lilipofungiwa moja, lilitoka lingine

Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930, serikali za Misri zilifuta leseni za magazeti kwa kasi ya kutisha, hasa baada ya Ismail Sidqi kuitupa katiba mwaka 1930. Rose al-Yusuf lilikamatwa na kufungiwa mara kwa mara. Dawa yake ilikuwa rahisi na ya kijasiri: alitafuta mtu mwenye leseni ya jarida lililolala, akaikodi, na juma lililofuata wasomaji wakakuta katuni zilezile, waandishi walewale na ukali uleule, isipokuwa jalada limeandikwa al-Raqib. Likifungwa hilo, likaja Sada al-Haqq, au al-Sharq al-Adna, au al-Sarkha. Wauza magazeti walijua, wasomaji walijua, na polisi nao walijua. Sheria lakini ilihitaji kuanza upya kila mara, na katika nafasi hiyo ndogo kati ya amri moja na nyingine, ndipo toleo lilipopita. Ukitaka kujua gharama yake, kumbuka kwamba toleo likikamatwa baada ya kuchapwa, karatasi, wino na mishahara vyote vilikuwa vimeshalipiwa. Kila amri ya kufungia ilimpiga mfukoni kabla ya kumpiga kalamuni.

Mwananchi wa kawaida alichorwa na Muarmenia

Mwaka 1932 kwenye kurasa zake alizaliwa al-Masri Effendi, bwana mfupi aliyevaa suti na tarbushi, miwani machoni, tasbihi mkononi. Alikuwa Mmisri wa tabaka la makarani: amesoma kiasi, mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi, na kila anachofanyiwa na wakubwa anakiona. Watu walimpenda kana kwamba ni ndugu yao.

Aliyemchora ni Alexander Saroukhan, Muarmenia aliyesomea uchoraji Vienna na kuingia Misri mwaka 1924. Wazo lilitokana na mhusika wa katuni wa gazeti la Kiingereza la Daily Express, yule bwana mdogo aliyechorwa na Strube akiwakilisha mlipa kodi wa Uingereza. Rose na al-Tabi'i walimtazama, wakaona Misri inamhitaji wake. Kwa hiyo Muarmenia, kwa mkono uliofunzwa Austria, alichukua wazo la London na kuwapa Wamisri sura waliyoiona ni yao kabisa. Na katika nchi ambayo wengi hawakujua kusoma, katuni ilifika mbali kuliko makala: mmoja huishika, kumi huichungulia, na wote hucheka pamoja. Waziri anaweza kuijibu makala kwa makala. Hakuna waziri anayeweza kuijibu katuni.

Wanawake walimtangulia, ila yeye alipita mlango mwingine

Jarida la kwanza la Kiarabu kumilikiwa na mwanamke lilitoka miaka 33 kabla ya lake. Hind Nawfal, naye wa ukoo kutoka Shamu, alianzisha al-Fatat mjini Alexandria mwaka 1892. Wengine wakafuata, akiwamo Labiba Hashim na jarida lake Fatat al-Sharq la mwaka 1906. Na Februari 1925, miezi minane tu kabla ya Rose al-Yusuf, Huda Sha'rawi na wenzake walitoa L'Égyptienne, jarida la kutetea haki za wanawake lililoandikwa kwa Kifaransa. Majarida hayo yalizungumza na wanawake kuhusu mambo ya wanawake, na kazi yao ilikuwa kubwa. Fatima al-Yusuf alifanya kitu tofauti: aliwauzia wanaume siasa zao wenyewe, kwa Kiarabu chepesi, chini ya jina la mwanamke. Mwanasiasa aliyetaka kujua amesemwa nini juma hilo ilibidi alitamke jina lake dukani.

Mtoto wake alilelewa kati ya mashekhe na waigizaji

Mwandishi wa riwaya Ihsan Abd al-Quddus, ambaye vitabu vyake vimetengenezwa filamu nyingi kuliko vya waandishi wengi wa Kiarabu, ni mwanawe. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1919. Baba yake, Muhammad Abd al-Quddus, alikuwa mhandisi aliyependa maigizo. Ndoa haikudumu, na mtoto akalelewa kwa babu yake, msomi wa al-Azhar. Kwa babu kulikuwa na vikao vya wanazuoni, na wanawake wa nyumba hawakuonekana na wageni. Kwa mama kulikuwa na washairi, waigizaji na wanasiasa waliozungumza naye ana kwa ana na kupingana naye kwa sauti. Mtoto alitoka nyumba hii akaingia ile, mwenyewe akasema baadaye kwamba mwanzoni alichanganyikiwa kabisa. Riwaya zake, zilizojaa wasichana wanaobishana na desturi za nyumbani kwao, zinaonekana kuanzia kwenye ile njia kati ya nyumba mbili.

Aliachiwa chombo kitupu

Mwaka 1934 al-Tabi'i aliondoka na kuanzisha jarida lake, Akhir Sa'a. Hakuondoka peke yake. Saroukhan alimfuata, pamoja na kijana Mustafa Amin, ambaye mwaka 1944 angekuja kuanzisha Akhbar al-Yawm pamoja na pacha wake Ali. Jarida likabaki bila mhariri wake, mchoraji wake na mmoja wa waandishi wake wenye kipaji. Mtu mwingine angetafuta mnunuzi. Yeye alijibu kwa kutangaza kwamba sasa atatoa na gazeti la kila siku.

Ugomvi mmoja ulimwondolea wasomaji wake

Gazeti la kila siku la Rose al-Yusuf lilianza Februari 1935, likiwa na al-Aqqad na Mahmud Azmi, na likiungwa mkono na Wafd, chama kilichopendwa kuliko vyote nchini Misri. Lilipokelewa kwa shangwe. Tatizo likaja upesi. Gazeti lilimshambulia waziri mkuu Tawfiq Nasim, wakati viongozi wa Wafd walitaka apewe nafasi arejeshe katiba taratibu. Wakamwomba Rose apunguze ukali. Akakataa, hata alipozungumza na Mustafa al-Nahhas mwenyewe, kiongozi wa chama.

Septemba mwaka huohuo Wafd ikatangaza kwamba gazeti hilo si lake tena. Kwa mfuasi wa Wafd wa wakati ule, tangazo hilo lilikuwa amri ya kuacha kununua. Matangazo yakakauka, nakala zikarudi, madeni yakapanda, na gazeti la kila siku halikuchukua muda likafa. Mtu aliyekuwa amevumilia kufungiwa na serikali sasa alikuwa amesusiwa na watu aliowapigania. Jarida la kila wiki lakini hakuliacha. Alilishika kwa meno, toleo baada ya toleo, mpaka wasomaji wakaanza kurudi.

Mwanawe alitoka gerezani akakuta cheo

Mwaka 1945 Ihsan, akiwa na miaka 26 na shahada ya sheria, aliandika makala ya kutaka Lord Killearn, balozi wa Uingereza, aondoke Misri. Balozi huyo ndiye aliyeizingira ikulu kwa vifaru mwaka 1942 ili kumlazimisha Mfalme Farouk abadili serikali, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuogopwa kumpita. Jarida lilikamatwa na mwandishi akatiwa ndani. Alipoachiwa, mama yake alimteua mhariri mkuu, kisha akamwandikia barua ya wazi kwenye jarida. Ndani yake alimkumbusha kwamba kazi hii ilipoanza yeye alikuwa mtoto asiyejua lolote, na akamtaka alinde uhuru wa kalamu yake hata dhidi ya mama yake. Ungetarajia mzazi amuase mwanawe aliyetoka jela apumzike kidogo. Huyu alimkabidhi ofisi.

Kashfa ya silaha ilimfikia mfalme

Mwaka 1950 Rose al-Yusuf lilianza kuchapa makala za Ihsan kuhusu silaha mbovu zilizonunuliwa kwa ajili ya vita vya Palestina vya 1948. Makala zilidai kwamba wapo walionufaika kwa kamisheni huku askari wakipewa risasi na mabomu yasiyofaa, na njia ya fedha ilielekea kwa watu wa karibu na Mfalme Farouk. Bunge likatikisika, uchunguzi ukafunguliwa, kesi zikaanza. Mahakama mwishowe iliwaachia washtakiwa wengi, na wanahistoria bado wanajadili silaha hizo zilichangia kiasi gani katika kushindwa. Kwa wananchi lakini jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Asubuhi ya tarehe 23 Julai 1952, Anwar Sadat aliposoma redioni tangazo la kwanza la Maafisa Huru, wanajeshi waliofanya mapinduzi dhidi ya utawala wa mfalme, lilitaja rushwa na kushindwa huko Palestina, maneno ambayo wasomaji wa jarida hili walikuwa wameyazoea kwa miaka miwili.

Alimwandikia Nasser, na Nasser akajibu

Mei 1953, chini ya mwaka mmoja tangu mapinduzi, Fatima al-Yusuf alichapa barua ya wazi kwa Gamal Abdel Nasser, kiongozi wa Maafisa Huru. Hakumtukana wala hakumsifu kupita kiasi. Alimwambia, kwa sauti ya mama aliyeona serikali nyingi zikipita, kwamba kiongozi anahitaji watu wa kumpinga, na kwamba uhuru wa kusema usisubiri mambo yatengemae. Nasser akajibu, na jibu lake likachapwa kwenye jarida hilohilo: hauogopi uhuru, alisema, anachoogopa ni uhuru urudi kuwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa kama ulivyokuwa kabla ya mapinduzi.

Barua hizo mbili nimezirudia mara nyingi. Kila mmoja alikuwa na hoja, na wote wawili walijua nchi nzima inasoma. Mwaka uliofuata, 1954, Ihsan aliandika makala kuhusu kile alichokiita jumuiya ya siri inayotawala Misri, akatupwa gerezani kwa takribani miezi mitatu. Safari hii waliomfunga hawakuwa watu wa mfalme, bali maafisa ambao makala zake za silaha ziliwasafishia njia.

Makala zilizoachwa kwa bawabu

Mmoja wa waandishi wakubwa wa Misri, Ahmad Baha al-Din, inasimuliwa kwamba alianza kwa kupeleka makala zake mlangoni mwa jarida, kumkabidhi bawabu, na kuondoka bila kuomba kuonana na mtu. Makala zikachapwa. Fatima al-Yusuf akataka kujua ni nani huyu, akamkuta kijana mwenye haya. Januari 1956 alipoanzisha jarida lake la pili, Sabah al-Khayr, ni yeye aliyemkabidhi uhariri mkuu. Umri wake: miaka 28.

Sabah al-Khayr lilijitangaza kuwa la mioyo yenye ujana na akili zilizo huru, na waliolijaza walikuwa vijana kweli. Salah Jahin, mshairi na mchora katuni ambaye Wamisri wanamkumbuka mpaka leo, alikuwa na miaka 25. Alikuwapo pia George Bahgory, mchoraji ambaye mistari yake ya wino ilikuja kujulikana hata Paris. Bibi mwenyewe alikuwa anakaribia 60. Angeweza kabisa kuwaita wale wenye majina makubwa aliowajua tangu miaka ya ishirini. Akaamua kuwapa nafasi watu ambao hakuna aliyekuwa amewasikia.

Sheria ilichukua mali, haikuchukua jina

Alifariki Cairo tarehe 10 Aprili 1958. Miaka miwili baadaye, Mei 1960, serikali ya Nasser ilitaifisha magazeti makubwa ya Misri: al-Ahram, Akhbar al-Yawm, Dar al-Hilal, na Rose al-Yusuf pia. Familia ikaupoteza umiliki kwa amri moja. Jina lilibaki juu ya mlango na juu ya jalada, na wahariri walioteuliwa na serikali wakajikuta wanaongoza shirika lenye jina la mwanamke ambaye hakupata kuteuliwa na mtu yeyote.

Na lile gazeti la kila siku, lililokufa kwa ugomvi na Wafd? Mwaka 2005, miaka 70 baada ya toleo lake la kwanza, shirika lilianza tena kuchapa gazeti la kila siku mjini Cairo. Liliitwa Rose al-Yusuf.